UZI: Mwalimu aliyehamisha kipindi cha hisabati kwa sababu ya maji. Tuwaseme walimu wetu wangali hai

Dumu la Kamba

Wakuu, salaam.

Juzi mdogo wangu alinipigia simu kutoka Newala. Mwalimu wetu wa darasa la tatu ameanguka bafuni, nyonga imevunjika, yuko kwake anauguzwa na wajukuu. Baada ya kukata simu nilikaa kwenye gari nusu saa nzima. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1995. Tangu hapo nimechangia harusi za watu ambao hata majina yao nayasoma kwenye kadi, na mtu huyu sijawahi kumtumia hata vocha.

Jina lake sitalitaja, wala la shule, kwa sababu hajanipa ruhusa. Ila alichofanya nakiandika.

Kwetu juu ya uwanda wa Makonde maji ni habari ndefu. Ardhi ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama yote. Kuanzia Agosti, mashimo ya kuvunia maji ya mvua yakishakauka, watu wanateremka bondeni. Kuteremka si kazi. Kazi ni kupanda na dumu. La kwangu lilikuwa la lita kumi, mkono wake ulikatika, baba akalifunga kamba ya katani.

Siku moja nilifika mstari umeshatawanyika. Wachelewaji tukapigishwa magoti karibu na mlingoti wa bendera, na mwalimu wa zamu alikuwa ni yeye. Fimbo alikuwa nayo, siwezi kumfanya malaika. Akasema, "Mikono." Tukanyoosha. Alipofika kwangu hakuchapa. Kamba ilikuwa imeniachia mstari mwekundu kwenye vidole vinne, na cha mwisho kilikuwa kimechunika. Akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye jua. "Mmeteremka mara ngapi?" Nikasema mbili. Akamwendea aliyefuata, akakigeuza kiganja chake pia. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, kiganja kwa kiganja, kama mtu anayechambua korosho. Halafu akasema tuingie darasani.

Wiki iliyofuata ratiba ilikuwa imebadilika. Tangu Januari hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza. Sasa cha kwanza kikawa sanaa, hisabati ikasogea hadi cha nne. Yeye hakutueleza neno. Mama, aliyekuwa kwenye kamati ya shule, ndiye aliyenisimulia miaka mingi baadaye: mwalimu wetu alikwenda kwa mwalimu mkuu akakataliwa, akaenda tena akakataliwa, mara ya tatu akaenda na daftari la mahudhurio chini ya kwapa, akalifungua mezani. Miezi ya kiangazi, karibu nusu ya darasa lilikuwa linakosa kipindi cha kwanza. Mwalimu mkuu akakubali. Mvua za Desemba zilipoanza, likizo ikapita, hisabati ikarudi asubuhi.

Na msidhani alikuwa mlegevu. Jedwali la saba ulilisema wima, mbele ya wenzako. Ukikosea unakaa, kesho unasimama tena, keshokutwa tena, mpaka litoke. Daftari chafu halipokei. Kuna mwenzetu alisimama siku tisa kwa jedwali la nane. Siku ya kumi lilipotoka, mwalimu alimpa mkono kama anavyompa mkono mtu mzima.

Ndiyo maana naandika. Watu wakisema "mwalimu mwenye huruma" wanafikiria mtu mpole, asiyekaripia. Mimi huruma niliyoiona ilikuwa kazi. Alimwona mtoto, halafu akabadilisha kitu ambacho kilikuwa ndani ya uwezo wake kubadilisha, na kisichokuwa ndani ya uwezo wake akakipigania mara tatu.

Naomba kila mwenye mwalimu wa namna hii amlete hapa. Na walimu mlio kazini, semeni pia, msituachie sisi tu tuwazungumzie.

---

Kiranja wa Zamani

Mkuu, hapo kwenye kiganja nimesimama kidogo. Wa kwangu alikuwa Tanga, mwalimu wa sayansi, mama mmoja mnene. Watoto waliorudishwa nyumbani kufuata michango aliwaandikia notisi za siku hiyo kwa mkono wake, anampa jirani awapelekee. Amefariki mwaka 2009. Nilipata habari arobaini imeshapita.

---

Mshika Chaki

Nawasalimu wote. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, shule ya serikali, Kanda ya Ziwa, mwaka wa kumi na moja kazini.

Dumu la Kamba, nimeisoma simulizi yako mara mbili, na mara ya pili nililia. Naomba nikueleze upande wa pili wa meza, bila kukupinga.

Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, watoto walikuja. Walikuja wengi, na ni jambo jema, maana wengine walikuwa na miaka kumi hawajawahi kushika kalamu. Kiwango kinachotakiwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Leo mimi nina 126. Madawati yanatosha sabini, waliobaki wanakaa chini, na wanapokezana kila Jumatatu, hilo nililipanga mwenyewe.

Sasa fanya hesabu na mimi. Daftari 126 za kuandika. Nikitumia dakika mbili kwa kila moja, ni zaidi ya saa nne, kwa zoezi moja la siku moja. Bado kuhesabu, bado kusoma, na kusoma hakusahihishwi kwenye daftari, lazima mtoto asimame mbele yako uusikie mdomo wake. Bado andalio la somo, azimio la kazi, zamu, uji. Nakaa chumba cha kupanga kilomita sita kutoka shuleni kwa sababu nyumba za walimu ziko mbili na tupo walimu tisa.

Mwalimu wako aligeuza viganja vya wachelewaji wote. Mimi naomba Mungu kila asubuhi anipe macho ya namna hiyo. Lakini kuna siku saa nne asubuhi nimeshachoka kiasi kwamba mtoto anaponivuta gauni kuniambia jambo, namwambia "kakae." Jioni nikiwa njiani ndiyo namkumbuka. Alikuwa anataka kusema nini? Mwaka jana mmoja wa niliowaambia "kakae" alikuwa na funza miguuni, na kila siku alikuwa anajaribu kunionyesha. Nilijua wiki mbili baadaye.

Kwa hiyo mkitaka kumheshimu mwalimu, mpunguzieni watoto wafike idadi anayoweza kuwaona.

---

Mzee wa Mahenge

Nawapongeza wote, ila nitasema lililo moyoni. Sisi tulichapwa. Tulichapwa kwa kuchelewa, kwa kucha ndefu, kwa kukosa jembe siku ya shamba. Na tumekuwa watu. Nimekuwa bwana shamba miaka 34, nimesomesha watoto sita. Samaki mkunje angali mbichi. Sasa hivi mtoto anamjibu mwalimu, mzazi anakwenda shuleni kumfokea mwalimu mbele ya darasa zima, na hapo tunasema tunataka heshima kwa walimu. Heshima ipi? Mwalimu amenyang'anywa fimbo na hakupewa kitu kingine mkononi.

---

Karani wa Baraza

Shikamoo mzee wa Mahenge. Kwa heshima zote naomba niweke sawa jambo moja, maana linazungumzwa vibaya kila mahali.

Tanzania Bara fimbo haijafutwa. Ina kanuni. Tangazo la Serikali namba 294 la mwaka 2002 linasema viboko visizidi vinne, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu: jina, kosa, idadi, nani amechapa. Kenya wao waliifuta kabisa mwaka 2001.

Jiulizeni wenyewe, shule uliyosoma, hicho kitabu uliwahi kukiona? Mimi sikukiona. Nilichapwa na walimu watatu kwa zamu kwa kosa moja, na wa tatu hakujua kosa lilikuwa nini.

Mwaka 2018 kule Bukoba mtoto wa darasa la tano alifariki baada ya adhabu ya shuleni. Wengi wetu tunakumbuka tulikuwa wapi tuliposikia. Huyo naye alikuwa samaki mbichi, mzee wangu.

---

Mzee wa Mahenge

Marahaba mwanangu. La Bukoba sina jibu lake. Mungu amrehemu mtoto yule.

Lakini swali langu liko palepale. Mshika Chaki, mwalimu wetu, nakuuliza wewe uliye darasani. Mtoto anawapiga wenzake kila siku, umemsema, umemwita mzazi, mzazi haji. Unafanya nini?

---

Mshika Chaki

Shikamoo baba. Swali lako ni la kweli na silikwepi.

Ninaye wa hivyo. Ana miaka tisa, darasa la kwanza, mkubwa kuliko wote. Muhula wa kwanza nilimchapa, ndiyo. Alikuwa ananyoosha mkono kabla sijamaliza kutamka jina lake. Hakuwa anaogopa wala hakuwa na jeuri, alikuwa amezoea. Siku niliyouona mkono ule unanyooshwa wenyewe ndiyo siku niliyoiweka fimbo juu ya kabati.

Nikamfuata nyumbani Jumamosi. Analelewa na bibi asiyeona vizuri, mtoto mwenyewe ndiye anayepika, ndiye anayechunga mbuzi watatu. Nikagundua kwamba mtoto huyu nyumbani ni mtu mzima, akija shuleni anakaa sakafuni na watoto wa miaka sita hajui herufi, na wao wanamcheka. Kila aliyempiga alikuwa amemcheka kwanza.

Nikampa ufunguo wa sanduku la chaki. Kila asubuhi yeye ndiye anafungua, anahesabu chaki, ananiambia zimebaki ngapi. Jioni anahesabu tena. Ndani ya mwezi alikuwa anahesabu mpaka mia kwa sababu ya chaki. Herufi nilimfundisha pembeni, saa ya uji, ili asisome kwa kigugumizi mbele ya wadogo. Kupiga wenzake hakujaisha. Kumepungua. Wiki iliyopita alimsukuma mmoja, halafu akaja mwenyewe kuniambia kabla ya aliyesukumwa.

Umesema mwalimu amenyang'anywa fimbo na hakupewa kitu kingine mkononi. Baba, hapo umesema kweli tupu. Chuoni nilisoma ushauri na unasihi, ukaishia kwenye mtihani. Hakuna aliyenionyesha ukikutana na mtoto kama huyu unaanzia wapi. Nililoanzia mimi ni kwenda kwao. Na sikuweza kwenda kwa wote 126.

---

Mkaazi wa Njoro

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nasoma uzi huu kutoka Nakuru na nimeona niwaongezee wa kwetu.

Mwaka 2019 Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alitunukiwa kule Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Wakati huo alikuwa akifundisha hisabati na fizikia shule ya kutwa ya Keriko, kijiji kiitwacho Pwani, hapa Njoro, ambako mvua zikikosekana watoto wanakuja shuleni na njaa. Asilimia 80 ya mshahara wake alikuwa akiitoa kwa wasiojiweza. Shule ilikuwa na kompyuta moja, na vijana wake wakafika mashindano ya sayansi kule Marekani.

Wakati ule sote tulijipiga kifua. Mimi nilifurahi mno, hata sasa nafurahi. Lakini nilipomsoma Mshika Chaki nimekumbuka nilichofikiria siku ile: mbona mwalimu atoe mshahara wake ndiyo mtoto apate sare? Yeye ametoa kwa moyo wake, Mungu ambariki. Sisi wengine tusijifiche nyuma ya moyo wake.

---

Mama Pili

Sikutaka kuandika. Nimesoma kimya tangu jana.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha pili, nikapata ujauzito. Tulipimwa wote wasichana, siku ya Alhamisi, na Ijumaa jina langu likasomwa mstarini. Lilisomwa, wakuu. Nilitoka mstarini nikaenda bwenini kuchukua sanduku, na shule nzima imesimama inaniangalia ninavyolikokota kwenye kokoto. Magurudumu hayakuwepo. Shule siitaji.

Mwalimu wa Kiswahili, mwanamke kijana, labda alikuwa na miaka ishirini na sita, alitoka kwenye mstari wa walimu, akashika upande wa pili wa sanduku. Hakusema kitu. Tukalibeba mpaka barabarani, akasimama na mimi mpaka gari likaja. Baadaye nilisikia aliitwa ofisini kujieleza.

Baada ya kujifungua, barua ikaja nyumbani kwa mkono wa kondakta wa basi. Ndani kuna fomu ya mtihani wa maarifa na karatasi yenye orodha ya mada, amezipigia mstari zile za kuanza nazo. Sikujua kama kuna njia nyingine ya kusoma ukishafukuzwa. Nilifanya ule mtihani, miaka miwili mbele nikafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku mtoto anaumwa surua. Leo ni muuguzi, zahanati ya kata.

Mwezi Novemba mwaka 2021 serikali ilipotoa waraka kwamba wasichana waliojifungua warudi shuleni, nilimpigia simu mwalimu yule. Hakuzungumzia waraka sana. Alisema, "Lile sanduku lilikuwa zito, uliweka nini?" Vitabu, nilimwambia. Nilikuwa nimeweka vitabu vyote, hata vya shule.

---

Kiranja wa Zamani

Mama Pili, asante kwa kuandika. Sina zaidi.

---

Bint Makunduchi

Assalaam alaykum. Huku kwetu Unguja mwalimu tulimjua mwanzo chuoni, yaani madrasa, kabla ya skuli. Siku ya Alhamisi kila mtoto alikwenda na senti yake ya maalim, mwenye nazo na asiye nazo. Asiye nazo alipeleka kuni au yai. Maalim wetu alikuwa akipokea vyote kwa mkono mmoja uliofunikwa na kanzu, ili mtoto aliye mbele asione aliye nyuma yake ametoa nini. Nimekuja kufahamu nishakuwa mtu mzima kwa nini mkono ule ulifunikwa.

Na mtu akihitimu anaombewa radhi kwa maalim wake. Wazee wakisema elimu bila ya radhi haikai. Nikiwa mdogo nilidhani radhi ni kitu anachotoa mwalimu tu. Sasa mimi nasomesha, na najiuliza kila siku kama watoto hawa na wao watakuwa radhi na mimi.

Jengine nililokuwa nikilifikiri. Nyerere alifundisha Tabora, kisha Pugu, akaacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Akawa rais, akastaafu, akafa mwaka 1999, na mpaka leo ni Mwalimu. Huku kwetu Seif Sharif Hamad alisomesha kabla hajaingia kwenye siasa, akawa mpaka Makamu wa Kwanza wa Rais, na mpaka anazikwa mwaka 2021 ni Maalim Seif. Pande zote mbili za bahari tumewaita wakubwa wetu kwa jina la kazi ya chaki, tukaliona ndilo tukufu kuliko urais. Halafu anayeishika chaki hiyo leo anakopa dukani kuanzia tarehe kumi na tano.

---

Dumu la Kamba

Nimewasoma wote. Mama Pili, nimelisoma lako usiku, asubuhi nikamsomea mke wangu.

Mshika Chaki, umenifundisha. Naongeza jambo moja kuhusu mwalimu wangu ambalo mwanzoni niliogopa kuliandika, nikidhani litamshushia hadhi.

Yeye ni mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wa rika langu mnakumbuka tulivyowaita: "Ualimu Pasipo Elimu." Baada ya Azimio la Musoma mwaka 1974 nchi iliamua watoto wote waingie shule ifikapo 1977, na walimu hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa vijijini mwao, wakafundishwa ualimu hukohuko: masomo kwa njia ya posta na redio, huku wanafundisha, kwa miaka mitatu. Yeye alikuwa mmoja wao. Waliokuja baadaye na vyeti vya chuo waliwacheka, na sisi wanafunzi tulijifunza kucheka kutoka kwao. Nikiwa darasa la sita niliwahi kulitamka jina lile akiwa anapita. Alisikia. Aligeuka, akaniangalia, akaendelea na safari yake.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini yeye, mwenye elimu ndogo kuliko wote pale ofisini, ndiye aliyeligeuza daftari la mahudhurio likawa hoja. Nadhani ni kwa sababu naye alikuwa ameteremka bonde lile. Alizijua zile kamba. Kijiji kilipomchagua kilimpeleka mtu anayejua mtoto anatoka wapi kabla hajafika shuleni, na hilo chuo hakiwezi kukupa. Sisemi walimu wasisome. Nasema kile alichokuwa nacho kilikuwa elimu pia, na hatukukipa cheti.

Tarehe 5 Oktoba kila mwaka, tangu 1994, ni Siku ya Walimu Duniani. Nimeangalia simu yangu: mwaka jana siku hiyo nilituma picha ya mshumaa na maneno mazuri kwenye makundi manne. Ndani ya makundi hayo hakukuwa na mwalimu hata mmoja aliyenifundisha.

Ijumaa napanda basi kwenda Newala.

---

Mzee wa Mahenge

Nenda mwanangu. Msalimie. Na mwambie kuna mzee wa Mahenge anamsalimu.

Mshika Chaki, lile la mkono kunyooshwa wenyewe limenikaa. Mwanangu wa nne alikuwa hivyo nyumbani kwangu. Nilidhani ni adabu.

---

Mshika Chaki

Asante baba.

---

Dumu la Kamba

Wakuu, nimerudi jana usiku.

Yuko kitandani lakini akili iko palepale. Nimempeleka redio, shuka, mafuta ya kuchua, na tumekubaliana sisi wanafunzi wake tuliopo Dar na Mtwara kulipia kliniki ya mazoezi mpaka atembee. Tumefika kumi na wanne. Hilo si la kulitangaza sana, nimelitaja kwa sababu mliuliza inbox.

Nilimwomba radhi kwa jina lile la darasa la sita. Alisema halikumbuki. Sijui kama ni kweli.

Nilimwambia kuhusu viganja na kuhusu ratiba. Alisikiliza huku amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akaniuliza, "Na yule wa dawati la nyuma, aliyekuwa anakuja na mdogo wake mgongoni, yuko wapi?"

Nilimkumbuka mara moja. Mama yake alikuwa mgonjwa, na mwalimu alikuwa akimruhusu kuingia na mtoto mgongoni, kinyume na taratibu. Mtoto akilia, mwalimu anambeba mwenyewe, anaandika ubaoni kwa mkono mwingine. Darasa la tano yule binti hakurudi, na mimi sikuwahi kuuliza.

Mwalimu akasema, "Nilikwenda kwao. Nikaenda mara ya pili, baba yake akaniahidi. Mara ya tatu sikwenda, yalikuwa mavuno ya korosho, nilikuwa na shamba." Akanyamaza, halafu akarudia: "Mara ya tatu sikwenda."

Nilikuwa nimekwenda kumshukuru kwa zile mara tatu za ratiba. Yeye miaka yote hii amekaa na mara ya tatu nyingine.

Leo asubuhi nimezunguka kwa simu kijiji kizima. Yuko hai, yuko Masasi, ana wajukuu wawili, anauza mihogo sokoni. Kaka yake amenipa namba. Nimezungumza naye dakika chache tu. Nilipomtaja mwalimu alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama bado anaandika kwa mkono wa kushoto.

Tumepanga Jumapili, saa mbili usiku. Mdogo wangu atakwenda na simu yake kitandani kwa mwalimu, ili wote wawili wasikizane vizuri. Nimemwambia mwalimu siku hiyo asilale mapema.